Namba kamili, namba wiano au namba halisi: ipi uitumie wapi

Madogo wa kidato cha kwanza wakifika kwenye ile mada ya pili ya namba, yenye wiano, zisizo wiano na halisi, wengi wanatoka darasani wakiamini namba halisi ni kabila la peke yake lenye desimali ndefu ndefu, na kwamba 5 haimo humo. Na siyo madogo tu. Makarani wa vyama vya msingi vya wakulima wa korosho huku Tandahimba, Newala na Ruangwa, mafundi ujenzi, vijana wanaotengeneza vijiprogramu vya mauzo ya duka, wote kila siku wanachagua aina ya namba bila kujua kama wanachagua, na ukichagua vibaya hesabu inagoma au shilingi inapotea na hakuna anayejua imepotelea wapi. Kwa hiyo hapa tunaziweka zote mezani, hii inafaa wapi na ile inafaa wapi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aondoke nao: chukua aina ndogo kabisa inayojibu swali lako. Unahesabu vitu? Za kuhesabia zinatosha. Kuna deni, kuna kushuka chini ya sifuri? Namba kamili. Kuna kugawana au bei ya kitu kwa kilo? Wiano, yaani zinazoandikika kama sehemu. Namba halisi zima zima ziite pale unapopima kitu kinachopanda na kushuka bila kuruka, kama urefu, muda au kina cha maji, na pale vipeuo na duara vinapoingia. Kwenye karatasi ya mtihani pia ni hivyo hivyo.

Ila kwanza mkanganyiko mmoja uondoke. Hizi siyo timu nne zinazoshindana. Mkazi wa Mikindani ni mtu wa mkoa wa Mtwara na ni Mtanzania vile vile, haachi kimoja ili awe kingine, na 5 nayo ni hivyo hivyo, ni namba ya kuhesabia, ni namba kamili, ni wiano maana ni 5/1, na ni halisi. Kila ndogo imo ndani ya kubwa. Zisizo wiano tu ndizo zimekaa upande wao, ndani ya halisi lakini nje ya wiano, hakuna namba inayoweza kuwa pande zote mbili.

Mpwa wangu aliposikia hivyo akaniuliza, "Sasa mjomba, kama zote ni halisi kwa nini mwalimu anauliza hii ni ya aina gani?" Nikamwambia mwalimu anataka jina la karibu zaidi. Ukiulizwa −3 ni nini ukajibu "namba halisi" hujakosea, ila hujamsaidia mtu.

Za kuhesabia au namba kamili?

Hapa pafupi. Za kuhesabia ni 1, 2, 3 na kuendelea, shule zetu zinaanzia 1, na ukiingiza 0 zinaitwa namba nzima. Mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, magunia, watoto wa darasa, kura, hizo zote hapa. Hakuna gunia nusu kwenye kuhesabu magunia, lipo au halipo.

Uzuri wa kuhesabu ni kwamba hakuna kubahatisha, magunia 14 ni 14, hakuna "kama 14 hivi". Ubaya wake ni kwamba kuhesabu kunaficha vilivyomo ndani. Lumbesa inaishi hapo hapo. Gunia lililoshonewa kofia juu linahesabiwa moja na gunia la kawaida linahesabiwa moja, na yule wa kangomba, mnunuzi wa magendo anayenunua korosho kwa kopo, anahesabu makopo, kile kichuguu cha juu ya kopo kwake hakina namba. Mzani ukiingia umeshahama kutoka kuhesabu kwenda kupima, na hiyo ni aina nyingine kabisa ya namba, tutafika.

Namba kamili zinaongeza upande wa hasi. Mkulima amechukua pembejeo za shilingi 180,000, malipo ya kwanza yamekuja 150,000, amebaki na −30,000. Ukibaki na za kuhesabia peke yake hiyo hesabu haiandikiki, inabidi uwe na vitabu viwili, kimoja cha mali kimoja cha deni. Mhindi mmoja anaitwa Brahmagupta mwaka 628 aliandika kanuni za sifuri na hasi kwa lugha hiyo hiyo ya mali na deni, kwamba deni ukilitoa kwenye sifuri linageuka mali. Na wale wanaogombana na hasi mara hasi kuwa chanya wafikirie hivi: ukifutiwa madeni mawili ya 30,000 kila moja, umepata nafuu ya 60,000. Kufutiwa mara mbili ni −2, deni ni −30,000, jibu ni 60,000. Imeisha.

Kwa hiyo kama unachohesabu hakiwezi kushuka chini ya sifuri, baki na za kuhesabia, na hata kwenye programu yako weka kizuizi ili karani asiweze kuandika magunia −4. Kama kinaweza kushuka, namba kamili. Hakuna zaidi hapo.

Namba kamili au wiano?

Namba kamili zinakwama kwenye kugawa, jumlisha utakavyo, toa, zidisha, utabaki ndani, ila ukigawa mara nyingi unatoka. Wiano ni namba yoyote inayoandikika kama namba kamili juu ya namba kamili, na ya chini isiwe sifuri. Hapo ndipo zilipo sehemu, asilimia, bei kwa kilo, wastani, na karibu hesabu yote ya biashara.

Chukua bei ya 3,300 kwa kilo, ile serikali iliyotangaza Novemba 2018 iliposema inanunua korosho yenyewe. Gunia la kilo 80 ni 264,000, namba kamili safi. Gunia lingine limesoma kilo 78.6, hiyo ni 786/10, ukizidisha inakuja 259,380. Ndani kulikuwa na desimali ila jibu limerudi kuwa kamili. Siyo kila siku utabahatika hivyo.

Sasa ndugu watatu wanagawana milioni moja ya shamba la marehemu baba yao. Kwa wiano kila mmoja ana 1,000,000/3 na hakuna ubishi, tatu za hizo zinarudisha milioni kamili. Kwa kalkuleta kila mmoja ana 333,333.33 na ukizijumlisha zinakosa senti moja. Kwa hela yenyewe ya mfukoni hakuna hata hiyo shilingi 33 maana sarafu ya chini inayotembea ni 50, kwa hiyo wawili watachukua 333,350 na mmoja 333,300, na hapo inabidi mkubwa awe muungwana. Mnaona hesabu moja imepita kwenye aina mbili: kwenye karatasi ilikuwa wiano, mkononi imekuwa kamili. Ushauri wangu ni ubaki na sehemu mpaka mwisho kabisa, ndipo ukadirie, tena ukadirie mara moja tu. Ukikadiria kila hatua, vile vipande vidogo vinavyokatwa vinajumlishana na mwisho wa msimu mtaanza kutazamana vibaya na mhasibu.

Sehemu au desimali basi? Inategemea namba ya chini. Ukishairahisisha sehemu, igawe ile ya chini kwenye namba tasa. Kama imejengwa na 2 na 5 tu, desimali itaisha: 1/8 ni 0.125, 7/20 ni 0.35, 3/40 ni 0.075. Ikiingia tasa nyingine yoyote, 3 au 7 au 11, desimali haiishi lakini itajirudia: 1/6 ni 0.1666..., 5/12 ni 0.41666..., 1/7 ni 0.142857142857... Kwa nini lazima ijirudie? Gawa kwa mkono kwa 7 uone mwenyewe, baki zinazowezekana ni 1 mpaka 6 basi, kwa hiyo ndani ya hatua chache utaangukia baki uliyokwisha kuiona na kuanzia hapo hesabu inarudia njia ile ile. Kwa 2 na 5 tumia desimali kwa amani. Kwa nyingine shika sehemu.

Na kile kibishi cha 0.999... kuwa sawa na 1, ndiyo ni sawa, 1/3 ni 0.333..., zidisha zote mara tatu. Siyo "karibu na moja". Ni moja, imevaa nguo nyingine.

Wiano au halisi: hapa ndipo penyewe

Mtu makini atauliza, wiano si zimejaa kila mahali? Kati ya 1/2 na 2/3 ipo 7/12, na kati ya hizo ipo nyingine, na nyingine, haziishi. Popote utakapobonyeza kwenye mstari namba utaikuta wiano karibu kadiri unavyotaka. Sasa halisi zimeongeza nini?

Zimeongeza zile sehemu ambazo wiano zinazizunguka pande zote bila kuzigusa. Nenda kwenye kiwanja. Umenunua kipande cha mita 20 kwa 20 pale Mtwara au Lindi, fundi anataka kujua mshazari wa kona mpaka kona ili ahakikishe msingi umekaa mraba. Kwa kanuni ya Pithagorasi ni kipeuo cha pili cha 800, yaani 20 mara kipeuo cha pili cha 2, inakuja 28.2842712... na hiyo haitaisha wala haitajirudia. Hakuna sehemu hata moja duniani inayolingana nayo.

Nitathibitisha, usiniamini kwa mdomo tu. Tuseme ipo sehemu p/q inayolingana na kipeuo cha pili cha 2, na tumeshairahisisha mpaka mwisho, yaani p na q hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Ukiipiga kipeo cha pili, p² ni mara mbili ya q², kwa hiyo p² ni shufwa, na kwa kuwa witiri mara witiri ni witiri, p mwenyewe lazima awe shufwa. Muandike p kama 2k. Sasa 4k² ni sawa na 2q², gawa kwa 2, q² ni 2k², basi q naye ni shufwa. Wote wawili shufwa wakati tulisema hawana kigawo cha pamoja, haiwezekani, sehemu hiyo haipo. Wagiriki wa kale walishalijua hili. Ile hoja ukiielewa mara moja haikutoki.

Fundi wetu yeye hana habari na hayo, na hana hasara. Anashika tepu 28.28 na kosa lake ni milimita 4 na kidogo, kamba yenyewe ikilegea inakosea zaidi ya hapo. Au anafanya ujanja wa zamani, anapima 3 upande huu, 4 upande ule, mshazari ukitoka 5 kona ni mraba, na hapo amekwepa namba zisizo wiano kabisa. Kiwanja cha 15 kwa 20 mshazari wake ni 25 kamili, raha mustarehe. Cha 20 kwa 30 ni 36.0555... umerudi kule kule. Kwa hiyo kwa ujenzi jibu langu ni wiano, tena yenye desimali mbili, na anayekuambia utumie zaidi anakupotezea siku.

Sasa tazama karatasi ya A4, ipo kwenye kila stesheneri ya kutoa kopi. Upana milimita 210, urefu 297. Ilitengenezwa ili ukiikata katikati kila nusu iwe na umbo lile lile la karatasi nzima, na hesabu inasema kuna uwiano mmoja tu wa pande unaofanya hivyo, kipeuo cha pili cha 2. Ila kiwanda hakiwezi kukata kipeuo cha pili cha 2 maana mashine inataka milimita, wakaikadiria. 297/210 ukirahisisha ni 99/70, na 99 mara 99 ni 9,801 wakati mara mbili ya 70 mara 70 ni 9,800. Imekosa kwa moja tu! Nusu yake kamili ingekuwa 148.5, kwenye A5 wameandika 148. Halisi ndiyo iliyochora umbo, wiano ndiyo iliyokaribia, na namba kamili ndiyo iliyokata karatasi.

Halafu bahari. Maji yakijaa pale ghuba ya Mikindani kutoka mita 1 kwenda mita 2 kwenye nguzo, hayaruki, yanapita kila kimo kilichopo katikati, kwa hiyo kuna wakati kimo chake ni kipeuo cha pili cha 2 kwa mita. Unaweza usijue ni saa ngapi lakini unajua lazima yalipita hapo. Ukiwa na wiano peke yake hiyo hoja inavunjika, mstari wako una matobo, kitu kinaweza kutoka chini ya tobo kwenda juu yake bila kuwahi kuwa hapo. Mjerumani Richard Dedekind alilisumbukia hili 1858 alipokuwa anafundisha Zürich, akachapisha 1872: kila unapoukata mstari wa wiano vipande viwili, cha chini na cha juu, pale kisu kilipopita pawe na namba, hata kama hakuna sehemu iliyokaa hapo. Hizo ndizo namba halisi. Mstari usio na tobo. (Na usiniletee habari za atomi za maji, tunajua, tunaongelea modeli.)

Kwa hiyo faida ya halisi siyo kukupa kipimo kizuri zaidi. Hakuna tepu wala mzani utakaokusomea namba isiyo wiano, chochote kilichoandikwa kwenye kioo cha mzani kina desimali inayoisha, ni wiano. Faida yake ni kukuhakikishia kwamba jibu lipo kabla hujaanza kulitafuta. Wiano ni za kuandika, halisi ni za kufikiria. Dogo anayeanza mambo ya grafu, mteremko, eneo chini ya mstari uliopinda, hawezi kuepuka halisi hata akitaka. Mwenye duka anaweza kuishi maisha yake yote bila kuzihitaji, na hajapungukiwa kitu.

La kushangaza ni wingi. Georg Cantor alionesha 1874 kwamba wiano unaweza kuzipanga foleni, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kila moja ipate nafasi yake, ila halisi haziwezekani, foleni yoyote utakayopanga kuna zitakazobaki nje. Maana yake zisizo wiano ndizo nyingi na wiano ni wachache waliotapakaa. Sisi tunazijua kwa majina chache sana, vipeuo, π ya duara, nyingine zote zipo kimya.

22/7, 3.14 au kitufe cha π?

Hili naulizwa kuliko yote, nadhani kwa sababu ya mitihani. π siyo wiano, Johann Lambert alithibitisha kwenye miaka ya 1760, kwa hiyo 22/7 siyo π na 3.14 siyo π, zote mbili ni wiano zinazoikaribia. Archimedes alishasema zamani kwamba π iko chini kidogo ya 22/7. Na kwa taarifa yako, 22/7 ipo karibu zaidi kuliko 3.14, inazidi kwa 0.00126 wakati 3.14 inapungua kwa 0.00159. Watu wengi wanadhani kinyume kwa sababu desimali inaonekana ya kisasa.

Simtank yenye kipenyo cha sentimita 140, unataka kujua bati la kuizungushia: kwa 22/7 ni 440, kwa 3.14 ni 439.6, kwa kitufe ni 439.82. Tofauti haifiki nusu sentimita, bati lenyewe utalipishanisha kwa sentimita kadhaa. Kanuni yangu: kipenyo kikigawanyika kwa 7 tumia 22/7 kichwani, kingine chochote bonyeza kitufe, na 3.14 itumie tu kama swali limekuambia. Ukitaka sehemu ya kujivunia kuna 355/113, aliitumia Zu Chongzhi wa China kwenye karne ya 5, ipo sahihi mpaka desimali ya sita. Mwalimu akikuambia uache jibu lako kwa π, iache ilivyo, 140π ndiyo jibu lenyewe, na ukiweka 440 umetoka kwenye namba isiyo wiano ukaingia kwenye namba kamili bila ruhusa.

Kwenye kompyuta na eksel

Hapa ndipo watu wanaumia kimya kimya. Programu nyingi zinakupa aina ya namba kamili na aina ya desimali, na vitabu vingine hata vinaiita hiyo ya pili "halisi". Siyo kweli. Kompyuta haina namba halisi, ina wiano chache zilizochaguliwa, zile ambazo namba ya chini imejengwa na 2 peke yake. Kumbuka ile kanuni ya 2 na 5 hapo juu. Sisi tunahesabu kwa kumi kwa hiyo tuna 2 na tuna 5, kompyuta ina 2 tu, 5 haina. Ndiyo maana 0.1, ambayo kwetu imeisha vizuri kabisa, kwake inajirudia bila mwisho kama 1/3 kwetu, na inabidi iikate mahali. Fungua Python, lugha ya kuandikia programu, uandike 0.1 + 0.2 utaletewa 0.30000000000000004. Eksel ina tatizo hilo hilo, sema inaonesha tarakimu 15 tu kwa hiyo inalificha, halafu ukiiambia ilinganishe seli mbili zinazofanana kwa macho wakati mwingine inakuambia hazilingani na unabaki unaitukana.

Mnaosema hizo ni senti, someni habari ya tarehe 25 Februari 1991 kule Dhahran, Saudi Arabia. Mtambo wa Patriot wa Marekani, wa kudaka makombora ya adui, ulikuwa unahesabu muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ile 0.1 ikakatwa, mtambo ukakaa umewashwa kama saa 100 bila kuzimwa, kosa likafika kama theluthi moja ya sekunde, kombora likapita halikudakwa na wanajeshi 28 wakafa. Chanzo ni 1/10, sehemu ya darasa la tano.

Kwa anayetengeneza programu ya chama cha msingi au ya duka, chagua hivi. Hela weka namba kamili, kwa shilingi, na kama una senti kwenye bei basi hifadhi kwa senti, ugawe mwishoni ukionesha. Uzito weka kwa gramu, kilo 78.6 iwe 78,600, nayo kamili. Wastani, asilimia, vipimo vya mvua na joto, hizo desimali ya kawaida ya kompyuta inafaa bila shida, hakuna atakayekushitaki kwa tarakimu ya 16. Ila usiandike kamwe "kama salio ni sawa na 0.3", andika "kama tofauti ni ndogo kuliko kiasi fulani".

Na kuna kitu kinaitwa namba lakini siyo namba, nacho ni namba ya simu, namba ya stakabadhi, namba ya mkulima. Huzijumlishi, huzitafutii wastani, kazi yake ni kutambulisha. Hizo weka kama maandishi. Ukiziweka kama namba kamili eksel inakula sifuri ya mbele, na namba ndefu sana ikizidi tarakimu 15 inageuza za mwisho kuwa sifuri, na mkulima wa Nanyamba anaambiwa hayumo kwenye daftari.

Na zile zinazotoka nje ya halisi? Namba changamano zenye kipeuo cha pili cha −1, hizo waachie wa kidato cha sita na wanaosomea umeme, mkondo unaopanda na kushuka unahesabika vizuri sana kwa hizo. Kama hujakutana na swali linalokudai kipeuo cha hasi, huzihitaji leo.

Nimalizie na zile zinazowachenga watu, maana mitihani inazipenda. Kipeuo cha pili cha 16 kina alama ya kipeuo ila ni 4, namba ya kuhesabia, usikimbilie "siyo wiano" kwa kuona alama tu. 22/7 ni wiano, hata kama kitabu kizima kimeitumia kama π. 0.1010010001... ambayo sifuri zinaongezeka moja kila safari ina mpangilio mzuri kabisa lakini siyo wiano, maana kuwa na mpangilio siyo kujirudia. π toa π ni 0, kwa hiyo mbili zisizo wiano zinaweza kuzaa kamili, ila wiano jumlisha isiyo wiano daima ni isiyo wiano. Kipeuo cha pili cha −4 siyo halisi, lakini kipeuo cha tatu cha −8 ni −2, halisi na kamili, hapo wengi wanaanguka. 0/5 ni 0, ni wiano. Na 5/0 siyo wiano, siyo halisi, siyo "infiniti" kama dogo mmoja alivyoniambia kwa kujiamini, haipo kwenye orodha yoyote kati ya hizi, ukiiona kwenye chaguo la jibu iruke.